Umbali Uliolazwa Lwangilo

Leonsi Nyagawa alitoka kazini Osaka jioni, giza likianza kuingia bandarini, akafika nyumbani kwake Makambako kabla ya saa sita mchana wa siku ileile, na njaa ya mtu aliyeshinda anachomelea vyuma. Mkewe Gaudensia alikuwa amekwisha kusonga ugali. Kwa mume kilikuwa chakula cha jioni, kwa mke cha mchana, na jambo hilo lilikuwa limezoeleka kiasi kwamba hata majirani waliokuwa wakichungulia uani mwanzoni walikwisha kuchoka.

Zamani ilikuwa vingine. Kwa miaka saba Leonsi alikuwa mume wa Krismasi. Kutoka Osaka hadi huku ni kilometa elfu kumi na moja na ushei, na ndege za wakati ule zilizitafuna zote, moja baada ya nyingine, kutwa na kucha, pamoja na viwanja viwili vya kusubiria ambako viti vilikuwa vigumu na chai haina ladha. Alikuwa akifika miguu imevimba. Analala siku mbili, siku ya tatu anaanza kuuliza begi lake limewekwa wapi. Sasa ndege ya mkunjo, inayoukunja umbali wote huo, ilipaa Osaka, abiria wakagawiwa chai, na mtu wa kunywa polepole alilazimika kukimalizia kikombe chake mlangoni, upepo wa Makambako ukimpeperushia shati.

Siku hiyo Leonsi alinawa, akamega tonge, akashushia na ulanzi, pombe ya mianzi. Mara akakunja uso.

"Gau, leo umeninunulia siki?"

"Siki gani tena? Nimeununua asubuhi hii kwa Oliva. Ameniapia umegemwa alfajiri."

"Alfajiri ya lini?"

Gaudensia naye akaonja. Ulanzi unaogemwa alfajiri, mchana huwa bado mtamu, hata mtoto hunywa akaenda shule. Huu ulikuwa umechachuka, unauma ulimi. Leonsi alilalamika kikombe cha kwanza, cha pili akanyamaza, cha tatu akausifu. Kisha akalala fofofo hadi saa ya kuamka kurudi kazini, na mkewe akabaki anacheka peke yake jikoni. Alikuwa mwanamke mwenye raha zake, Gaudensia, na alijua hivyo.

*

Kesho yake alipitia kwa Oliva Msigwa, aliyekuwa na genge karibu na njia panda. Kwa kawaida saa nne hukuti tone kwenye ndoo zake. Leo zilikuwa zimejaa, na dereva mmoja wa mtambo wa kuchimbia alikuwa akimfokea kwa sauti ya kusikika hadi stesheni.

"Mama, mimi nilitaka kitu cha kuburudisha koo! Wewe umenipa cha kunilaza!"

Dereva alipoondoka, Oliva alijifuta jasho kwa upindo wa kitenge. "Mwanangu, na wewe usinitazame hivyo. Sijachakachua kitu."

"Shikamoo, mama. Sijasema umechakachua."

"Marahaba. Lawama yote ni ya dada yangu Melania." Oliva aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mtu akiketi hivyo ujue maneno ni mengi. "Mianzi yetu iko ng'ambo ya bonde, kwake. Desderi mwanawe anagema alfajiri, anavuka bonde, ananikabidhi, nami napanda bajaji kuja huku. Tangu enzi za babu zetu ulanzi ule ulinifikia mtamu. Msimu huu unafika unatoa povu. Ananiletea wa jana. Ananikomoa!"

"Akukomoe kwa lipi?"

"Nijuavyo mimi? Kwetu Lwangilo, mdogo akiamka husimama uani na kumwamkia mkubwa wake aliye ng'ambo. Unaita, Kamwene! Naye anaitikia, Kamwene! Hapo ndipo siku inaanza. Na mdogo asiyeitikiwa hakanyagi kwa mkubwa wake mpaka aitikiwe, ndiyo desturi. Mimi na dada tumeamkiana hivyo tangu nilipoolewa upande huu. Sasa tangu mavuno ya mwaka jana naita, haitikii. Na namwona, mwanangu! Namwona kwa macho yangu haya. Amekaa mlangoni na kitenge chake cha njano, ananitazama. Naita mpaka kuku wanakimbia. Kimya."

"Ungempigia simu."

"Dada hana simu. Anasema hataki mtu aingie nyumbani kwake bila kubisha hodi."

Gaudensia alicheka, akanunua lita moja kwa huruma, akashika njia ya kazini. Alikuwa ameshafika kwenye geti la uwanja wa ndege ndipo kicheko kilipomkauka mdomoni. Akasimama pale pale, chombo cha ulanzi mkononi, na mlinzi akamuuliza kama anaumwa.

Ulanzi uliogemwa alfajiri na kufika umechacha. Mtu anayeonekana, lakini sauti haimfikii.

*

Gaudensia Mligo alikuwa mpima wa njia katika Shirika la Mkunjo. Somo la kwanza alilofundishwa, na ambalo wapima wote hulikariri wakiwa usingizini, ni kwamba umbali hauteketei. Ukiuondoa kati ya mji na mji, lazima uulaze mahali pengine. Ni kama kuhamisha kabati chumbani: mlangoni patakuwa peupe, lakini kabati limeenda kuziba dirisha. Shirika liliulaza umbali wa Osaka kusini kabisa mwa dunia, kwenye bahari ya barafu isiyopitiwa na meli wala ndege wa kuruka. Kila safari, kilometa zile elfu kumi na moja zilikwenda kulala kule majini, na ndege ilipotua zikarudi mahali pake.

Kazi ya mpima ilikuwa kuhakikisha kwamba hazimwagiki njiani. Waya wa kupimia ulizikwa kuuzunguka uwanja, kutoka kilele cha kilima hadi kilele, na kila asubuhi Gaudensia alisoma alama ileile: sifuri. Hakuna kilichomwagika. Alikuwa ameisoma sifuri hiyo tangu njia ilipofunguliwa, halafu anarudi nyumbani kusonga ugali.

Somo la pili linahusu tabia ya umbali uliolazwa. Mwanga haujali, huteleza juu yake kama maji kwenye jani la gimbi. Ukisimama ukingoni, ng'ambo unaiona pale pale ulipoizoea. Ila mguu hautelezi. Mguu utautembea umbali wote, hatua kwa hatua. Sauti nayo vilevile, na kwa kuwa sauti ni mvivu kuliko mguu, hufia njiani.

Alifungua ramani ya waya. Kati ya vilele viwili, bonde la Lwangilo lilikuwa limerukwa kwa sababu ya tope, na juu yake mtu aliyekuwa ofisini, ambaye pengine hajawahi kuona tope maishani, aliandika neno moja: hapakaliwi.

Gaudensia alikaa akilitazama neno hilo hadi chai yake ikapoa. Kanuni alizijua. Umbali ukimwagika mahali penye watu, mpima akisema "funga", njia inafungwa papo hapo na hakuna wa kumpinga, awe mkurugenzi au waziri. Kufungua tena si kazi ya siku mbili. Na ikifungwa, mume wake angekuwa tena mume wa Krismasi.

Alijiambia kwamba hajui kitu bado. Ulikuwa uongo, lakini uongo wa kujiambia mwenyewe huwa hauna shahidi.

*

Jumamosi alimfuata Oliva nyumbani kwake Lwangilo, kipimo cha mkono kikiwa mfukoni, akamwomba amvushe bonde. Oliva akagoma. Asiyeitikiwa hakanyagi.

"Mama, wewe huendi kumwona dada yako," Gaudensia alisema. "Unamsindikiza mgeni. Kumsindikiza mgeni kuna ubaya gani?"

Oliva alitabasamu. "Akili unayo. Ngoja nibadili kitenge."

Kutoka uani kwake waliiona nyumba ya Melania vizuri, bati lake, moshi wake, na kitu cha njano mlangoni. Ungedhani ukirusha jiwe litagonga bati. Zamani, Oliva alisema, uliweza kubandika maharage, ukavuka, ukamsalimu dada, ukarudi kabla hayajaiva. Walishuka. Walipovuka kijito, kipimo kilianza kutetema mfukoni mwa Gaudensia, na hakikuacha tena.

Pale ambapo mwinuko ulipaswa kuanza, palikuwa na shamba la viazi. Baada ya shamba, uwanda wa majani mabichi usio na nyayo. Baada ya uwanda, shamba jingine. Walitembea, wakatembea, jua likapanda, na kila walipoinua macho nyumba ya Melania ilikuwa pale pale, haikaribii. Oliva alisimama akashika kiuno.

"Mwanangu, hapa ni wapi? Mimi nimezaliwa kwenye bonde hili. Hapa sipajui."

Mbele yao, katikati ya ardhi ambayo hakuna babu aliyewahi kuilima, kulikuwa na nyumba ya bati jipya linalong'aa, na kamba ya nguo yenye nepi. Kijana mmoja alikuwa akipalilia viazi. Alipogeuka na kuwaona, jembe lilimponyoka.

"Mama mdogo," alisema. "Kamwene."

"Desderi?" Oliva aliangalia nyumba, akaangalia nepi, akamwangalia mpwa wake. "Si uliniambia unaishi kwa mama yako?"

"Nilisema hivyo."

"Na mama yako ulimwambia unaishi wapi?"

Desderi alijikuna shingo. "Kwako."

Kilio cha mtoto kilitoka ndani, na Oliva, ambaye alikuwa ameshavuta pumzi ili amtukane sawasawa, aliachia pumzi ile ikatoka bure akaingia kumwona. Mpwa wake na Gaudensia wakabaki wawili kati ya matuta.

"Nakufahamu, dada," Desderi alisema. "Wewe ndiye mpima wa ndege. Nilijua iko siku utakuja." Alieleza bila kuzungushazungusha. Ardhi ilianza kuongezeka mwaka jana. Kwanza tuta moja, halafu eneo la kutosha kupanda mfuko wa mbegu, halafu heka. Kutoka juu haionekani, mpaka uingie. Mkewe alishikwa na uchungu wakielekea zahanati upande wa barabara, njia ikawashinda urefu, akajifungulia hapo hapo kwenye majani. Mtoto alitoka salama, wakamwita Nafasi. "Mimi ni mtoto wa sita, dada. Shamba la baba liligawanywa nikapata mstari wa kuanika nguo. Hii ardhi haikuwa ya mtu. Nisipoilima mimi nani atailima? Tafadhali. Usiseme."

Gaudensia aliviangalia viazi. Vilikuwa vimestawi, majani meusi kwa afya.

"Lakini mama yako na mama yako mdogo hawasemezani mwaka mzima," alisema. "Wewe unapita hapa kila siku na ndoo. Unajua kwa nini sauti haifiki. Ungesema neno moja tu. Unawaacha wanuniane ili ulime viazi?"

"Ningewaambia, wangeanza kutembeleana. Wangepita hapa wakaona."

"Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, kumbe wewe umelichukua jembe kweli!"

Alikuwa amepandisha sauti. Alikuwa amekasirika, na hasira ilimpendeza, ilimfanya ajione msafi. Desderi aliinama akaokota jembe lake.

"Na wewe, dada?" aliuliza, wala hakuuliza kwa ubaya. "Si wanasema shemeji anarudi kula nyumbani kila siku?"

Gaudensia alikishika kipimo kilichokuwa bado kinatetema mfukoni. Wote wawili walikuwa wamesimama juu ya kitu kimoja, kila mtu na mavuno yake.

*

Walimkuta Melania amekaa mlangoni, kitenge cha njano begani, anachambua mboga. Hakuinuka. Alikuwa mkubwa wa Oliva kwa miaka mingi, mwembamba, na macho ya mtu asiyesahau.

"Leo umepotea njia," alimwambia mdogo wake.

"Nimemsindikiza mgeni."

"Karibu mgeni. Wewe mwenzangu sijui nikukaribisheje. Mwaka mzima unafagia uani kwako nakuona, unasimama, unanitazama, unaingia ndani. Kuniamkia imekuwa mzigo. Umepata genge mjini, dada amekuwa si mtu."

"Mimi sikuamkii?" Oliva alitupa kanga chini. "Mimi? Naita mpaka koo linakauka! Wewe ndiye umekaa hapa kama sanamu ya kanisani!"

"Sijasikia hata siku moja."

"Nani asiyesikia sauti yangu! Mpaka Makambako wanaisikia!"

Walikuwa karibu kushikana mashati. Gaudensia aliingia katikati, akapiga magoti kama inavyompasa mtu mbele ya mama wa umri ule, akasema ukweli wote jinsi alivyoweza. Kwamba Oliva aliita kila asubuhi. Kwamba sauti ilitoka ikafia kwenye viazi vya Desderi. Kwamba bonde limepanuliwa, na macho hayawezi kuona jambo hilo, ndiyo maana kila mmoja alimwona mwenzake amesimama pale, amenuna.

Kuku mmoja alipita akadonoa jani la mboga kwenye ungo na hakuna aliyemfukuza.

"Kila asubuhi?" Melania aliuliza.

"Kila asubuhi, dada." Oliva alisita. "Mpaka wiki mbili zilizopita. Nilichoka."

"Wiki mbili zilizopita mimi nilikuwa bado nakaa hapa kusubiri."

Oliva alianza kulia. Alilia kwa sauti, bila aibu, na dada yake akamvuta akamlaza kichwa mapajani, juu ya mboga na yote. Melania mwenyewe hakulia. Alimpapasa mdogo wake kisogoni huku akimtazama Gaudensia.

"Nani amelifanya hivi bonde letu, mwanangu?"

"Ni sisi, mama. Ndege zetu."

"Sisi nani? Sema vizuri."

"Mimi ndiye mpima. Ilinipasa kuona, sikuona." Gaudensia alimeza mate. "Mume wangu anafanya kazi mbali sana, Japani. Kwa ajili ya njia hii anarudi kula nyumbani kila siku. Nikisema yaliyopo hapa, njia itafungwa."

Melania alifikiri. Kisha, kwa mshangao wa Gaudensia, akacheka kidogo. "Anarudi kula kila siku? Kutoka Japani? Wengine waume zao wako kilabuni hapo jirani na hawarudi." Alicheka tena, akaacha. "Mume kurudi kula ni jambo la heri, sitakuombea ulikose. Lakini dada yangu mimi ni huyu mmoja."

Aliwapikia wakala, na walipopita tena bondeni wakati wa kurudi Desderi alimletea Gaudensia mfuko wa viazi, naye akaupokea. Alijiona akiupokea.

*

"Basi usiseme," Leonsi alisema kesho yake, Jumapili, alipokwisha kusikia yote. Mbele yake palikuwa na viazi vya Desderi vilivyokaangwa na nyanya, na alikuwa amevila nusu. "Kijana ana shamba. Kina mama wamepatana. Mimi niko nyumbani. Aliyeumia ni nani?"

"Bonde linaendelea kupanuka, Leonsi. Kila ukija kula linaongezeka kidogo. Mwakani Oliva hataweza kuvuka kwa siku moja. Na mwanamke mwingine akishikwa na uchungu?"

"Wapeleke zahanati nyingine kule. Shirika lina uwezo."

"Wakijua, lazima wafunge. Wasipojua, watapelekaje zahanati?"

Leonsi alisukuma sahani. Alikuwa mtu mpole, ila sasa alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Miaka saba, Gau! Miaka saba nilikuwa nakula wali wa kopo kwenye chumba cha futi nane nikiangalia picha yako! Mama yangu amezikwa mimi nikiwa uwanja wa ndege nasubiri ndege ya pili! Sasa nimepata, unataka nikirudishe? Nimrudishie nani?"

Gaudensia alilia kwa sababu mumewe alikuwa anasema kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe alitaka sana ashindwe katika ugomvi huu. Angemwambia tu "sawa", wangeendelea kula. Neno lenyewe alilisikia limeshafika kwenye ulimi.

Leonsi aliinuka akatoka nje. Alisimama uani muda mrefu akiwapa mgongo majirani. Aliporudi alikaa, akavuta tena sahani yake, lakini hakula.

"Huyo mama alikuwa anasubiri mlangoni," alisema. "Mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Mimi angalau nilijua kwamba niko mbali. Yeye alikuwa anamwona mdogo wake pale. Alidhani hapendwi." Alikaa akigeuza geuza kipande cha kiazi. "Hayo ni mabaya kuliko yangu."

"Kaa, Leonsi. Niseme funga wakati uko huku. Kazi utapata, hata hapa kuna gereji."

Alimwona akilitamani jambo hilo. Kisha akatikisa kichwa. "Meli tuliyoifungua iko gatini tumbo wazi, na nusu ya chomeleo ni yangu. Mwingine akimalizia bila kujua nilivyoanza, itawazamia watu baharini. Niache niende. Nikishafika, sema."

Siku hiyo hakulala. Walikaa kibarazani wakamenya njugu, wakazungumza habari za bati la jikoni linalovuja na harusi ya binamu, na saa ilipofika alichukua mifuko miwili badala ya mmoja.

*

Usiku uleule Gaudensia alisubiri kazini mpaka ubao ulipoonyesha kwamba ndege ya Osaka imeshatua. Akashika redio.

"Njia ya Osaka," alisema. "Hapa ni mpima, Makambako. Funga."

Sauti ya upande wa pili ilishtuka. "Rudia, mpima. Sababu?"

"Bonde la Lwangilo. Umbali umemwagika, na pale panakaliwa na watu. Funga."

Ndani ya chumba, mashine zilizokuwa zikivuma tangu njia ifunguliwe zilishusha sauti, zikashusha tena, zikanyamaza. Hakuwa amewahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya. Kilometa elfu kumi na moja na ushei zilirudi zote mahali pake, kati yake na mumewe, na hakuna kilichotikisika hata kikombe.

Njia ilikaa imefungwa mpaka mahindi yakavunwa. Wahandisi walikuja Lwangilo na mabuti mapya, wakapima, wakakuna vichwa. Umbali uliokwisha kulala bondeni hawakujua namna ya kuunyanyua bila kuponda kilichokuwa juu yake, na waliposikia mtoto analia ndani ya nyumba ya bati hakuna aliyethubutu kujaribu. Ukaachwa hapo. Mkutano wa kijiji ukaigawa upya ardhi ile, Desderi akabakiwa na robo, akanuna wiki moja kisha akaenda kupanda robo yake. Melania alibomoa nyumba akahamia ng'ambo, ukuta kwa ukuta na Oliva, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wameshagombana kuhusu kuku. Ulikuwa ugomvi wa ana kwa ana, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri, na wote wawili waliufurahia.

Mkunjo nao ulilegezwa, na waya ukazikwa hadi kwenye tope. Hakuna kilichomwagika tena, lakini safari ya kikombe cha chai ilikwisha. Ndege ilitoka Osaka asubuhi ikafika Makambako alasiri, kutwa nzima angani, na fundi wa meli hawezi kwenda na kurudi hivyo ila mara moja kwa wiki mbili.

Siku ya safari ya kwanza, Gaudensia alijikuta amesimama kwenye mlango wa abiria na gauni la kanisani. Hakuwahi kusimama pale. Wakati wa mkunjo mkali Leonsi alikuwa akiingia nyumbani kama mtu aliyetoka dukani, anauliza chumvi iko wapi. Sasa moyo ulimpiga, akajicheka, mwanamke mzima, halafu akaacha kujicheka kwa sababu mlango ulikuwa umefunguka.

Leonsi alitoka wa mwisho mwisho. Shati lilikuwa limejikunja, ndevu zimeanza kuchipua, upande mmoja wa uso una alama ya kiti. Alimwona mkewe, akaja, akasimama hatua moja mbele yake, akamkazia macho.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nimekuwaza tangu tulipoiacha nchi kavu," alisema. "Kutwa nzima, hakuna kazi nyingine mle ndani. Nimekuchora kichwani, nikakufuta, nikakuchora tena. Sasa naangalia kama nimepatia."

"Umepatia?"

"Pua nimekosea." Alimzunguka kama mtu anayekagua gari. "Na umenenepa."

"Napika sufuria ya watu wawili, nakula mwenyewe. Ulitaka nifanyeje?"

Leonsi alicheka, na katikati ya kicheko macho yakamjaa machozi, akayaacha yashuke mbele ya abiria wote. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshawazunguka, wanagombania mifuko, huyu anasema dakika tatu tu, yule anasema mbili. Gaudensia aliwashukuru. Alichukua mfuko mmoja, mumewe mwingine, wakashika kwa miguu ile njia ndefu inayopita nyuma ya stesheni, na walipofika nyumbani jua lilikuwa limezama nao hawajamaliza hata nusu ya waliyotaka kuambiana.